Maswali ya Wasomaji: Kuna bwana anataka mwanangu apunguziwe miaka

Barua tatu za toleo hili zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinauliza juu ya timu zetu za taifa za vijana. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo linaloelezwa ndani yake linaharibu vijana wengi kuliko tunavyopenda kukiri.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Igoma na ninauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mwanangu wa pili ni winga, na mwezi wa tatu mwaka huu alitimiza miaka 18. Bwana mmoja alimwona akicheza Nyamagana, akaja mpaka nyumbani kutuambia kwamba kijana anafaa kabisa Serengeti Boys, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, ila tumtafutie cheti kipya cha kuzaliwa kitakachomrudisha nyuma miaka miwili. Anadai kwamba kila nchi inafanya hivyo na hakuna anayeshikwa. Baba yake amekwisha kukubali, lakini mimi moyo unakataa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Endelea kukataa, na baba mtu msomee majibu haya.

Katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa fainali za Afrika za mwaka 2019, zilizochezwa kwetu Dar es Salaam, mchezaji alitakiwa awe amezaliwa kuanzia Januari 1, 2002. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 2025 nchini Qatar, kuanzia Januari 1, 2008. Kwa hesabu hiyo mwanao amekwisha kuvuka, na bwana huyo analijua hilo vizuri, ndiyo maana anahangaikia karatasi.

Lakini karatasi siku hizi haitoshi. Tangu Kombe la Dunia la vijana lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono cha mchezaji kwa mashine ya MRI, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo inatumia kipimo hicho. Karibu na kifundo, mfupa wa kijana anayekua una ukanda mwembamba wa gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kadiri miaka inavyokwenda, ukanda ule hugeuka mfupa kidogo kidogo, mpaka pande mbili zinashikana na mstari uliokuwa kati yake unapotea. Madaktari wameigawa safari hiyo katika madaraja 6, na kijana ambaye mfupa wake umeungana kabisa haruhusiwi kucheza. Kipimo hakiumi, na hakina mionzi kama eksirei. Kijana analaza tu mkono ndani ya mashine, akatulia. Picha inayotoka humo haijali cheti kimegongwa muhuri na nani.

Ni kweli kwamba wapo vijana wachache ambao mifupa yao huungana mapema wakiwa bado hawajafikisha miaka 17. Waliolifanyia utafiti suala hili waliwakuta kuwa chini ya 1 katika kila 100. Hao kipimo huwaonea, nami huwahurumia sana, lakini mwanao hayumo katika kundi hilo.

Ama kauli kwamba hakuna anayeshikwa, sisi wenyewe ni mashahidi. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, kisha ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikachukua nafasi yetu. Timu nzima ilibaki nyumbani kwa ajili ya mmoja. Miaka 12 baadaye kibao kiligeuka: Congo Brazzaville ilitutoa katika mechi za kufuzu, tukaikatia rufaa kwa mchezaji wao mmoja, naye alipoitwa kupimwa MRI hakutokea. CAF ikaiondoa Congo, nasi tukaenda fainali za 2017 nchini Gabon. Guinea nayo ilifika fainali Dar es Salaam mwaka 2019, kisha ikanyang'anywa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia Brazil, baada ya kugundulika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano nchini Japan wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ikaenda badala yake.

Nimesimamia majaribio ya vijana kwa miaka mingi, na vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, huwa hatuwatambui kwa ndevu. Yupo mmoja ambaye sitamsahau. Nilimuuliza alimaliza darasa la saba mwaka gani, akapeleka mkono nyuma ya mgongo, nami nikauona ukivuli wa vidole vyake ukihesabu ardhini. Alikuwa na mguu wa kushoto mzuri ajabu. Lakini alikuwa amefundishwa tarehe moja tu, ya kuzaliwa, na kila swali jingine lilimtoa jasho. Kijana anayeishi na hofu ya namna hiyo hachezi kwa kipaji chake chote.

Jambo ambalo bwana huyo hakukuambia ni kwamba kwa miaka 18 mwanao ni wa umri hasa wa Ngorongoro Heroes, timu ya taifa ya chini ya miaka 20, ambayo ilicheza fainali za Afrika Mauritania mwaka 2021 na Misri mwaka 2025. Kwa hiyo hana haja ya kudanganya hata siku moja. Mtafutie nafasi katika timu ya vijana ya klabu yenye ligi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, nenda RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti hivyo, ukamchukulie chenye tarehe ya kweli, na usiache kadi yake ya kliniki: ile yenye uzito ulioandikwa na wauguzi tofauti, mwezi baada ya mwezi, kwa kalamu tofauti, hakuna fundi wa kughushi anayeiweza.

SWALI: Mwalimu, mimi ni shabiki wa mpira hapa Nansio, Ukerewe. Kwa nini Serengeti Boys ilicheza vizuri ugenini mwaka 2017, halafu mwaka 2019 ikapoteza mechi zote tatu nyumbani?

JIBU: Kule Gabon timu ilitoka sare ya 0-0 na Mali, waliokuja kuwa mabingwa, ikaifunga Angola 2-1, kisha ikafungwa 1-0 na Niger. Tulilingana na Niger kwa pointi 4, wakapita wao kwa kuwa walitufunga; sare moja tu ingetupeleka nusu fainali na Kombe la Dunia India. Tofauti kubwa niliyoiona mwaka 2019 ni ulinzi. Timu inayofunga mabao 4 dhidi ya Nigeria haina tatizo la kushambulia, lakini Nigeria ilitoka nyuma ikashinda 5-4. Baada ya hapo Uganda ikatufunga 3-0 na Angola 4-2. Kwa maoni yangu, vijana wetu hujifunza kupiga chenga mchangani tangu wadogo, ila kukaba kwa mpangilio wanakutana nako ukubwani. Sasa Kombe la Dunia la umri huu linachezwa kila mwaka, lina timu 48, na Afrika ina nafasi 10, hivyo uhaba wa nafasi si kisingizio tena.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 14, nasoma Buswelu. Je, na sisi wasichana tuna mashindano ya aina hiyo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mnayo, na mmewatangulia kaka zenu. Serengeti Girls ilicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022: ikafungwa 4-0 na Japan, ikainuka ikaifunga Ufaransa 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Canada, ikafika robo fainali ambako Colombia iliwafunga 3-0. Tangu mwaka 2025 Kombe hilo la wasichana nalo huchezwa kila mwaka, likiwa na timu 24. Kwa umri wako una nafasi zaidi ya moja mbele yako. Mwombe mwalimu wa michezo akuandikishe UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na siku ya majaribio beba nakala ya cheti chako cha kuzaliwa.