Yuka ya bondeni na yuka ya mlimani: tazama ukingo wa jani

Swali: Naishi Tucson, Arizona. Bondeni kuna mmea kama mkonge, majani membamba yenye nyuzi nyeupe. Nikipanda milima ya Santa Catalina hadi kama mita 1,700, kwenye mialoni, majani ni mapana, kijani cha kibuluu, na sioni nyuzi. Naambiwa yote ni yuka. Je, ni mmea mmoja uliobadilishwa na baridi?

Jibu: Hapana, ni spishi mbili. Wa bondeni kwa maelezo yako ni *Yucca elata*. Wa juu naelekea kuuita *Yucca madrensis*, ambao vitabu vya zamani vinauita *Yucca schottii*. Usichanganye jina hilo na *Agave schottii*, ndugu wa mkonge anayeota kwenye milima hiyohiyo.

Kwanza hakikisha ni yuka. Jani la mkonge na ndugu zake ni nene, lina maji, na mmea ukishatoa mlingoti na kuchanua hufa. Jani la yuka ni kavu na gumu, maua yake meupe huning'inia kama kengele, na mmea huendelea kuishi. Ukikuta jani kavu lenye ukingo wa miiba kama msumeno, hiyo ni sotoli, mmea mwingine unaofanana nayo, siyo yuka ya huko.

Kisha pima upana wa jani katikati ya urefu wake. Likiwa chini ya sentimita 1.5, ni *elata*. Likifika sentimita 3 hadi 5, kazi bado, kwa sababu *Yucca baccata* nayo ina majani mapana. Hapo ndipo ukingo unapoamua: *baccata* hutoa nyuzi nene zilizojikunja, ilhali *madrensis* ina ukingo laini wa kahawia. Wengi hukosea kwa kutazama majani ya chini, ambayo nyuzi zake zimeshakatika kwa uzee. Chagua jani lililokomaa la katikati, na ukague mimea mitano au sita.

Urefu wa shina usiutegemee. Kusini mwa Arizona ipo *baccata* yenye shina refu kabisa.

Ukikuta mlingoti, tazama matawi ya maua kwa lenzi ya mkono: ya *madrensis* yana vinyweleo kama sufi, nayo huchanua katikati ya kiangazi na kuendelea, *elata* ikiwa imetangulia. Matunda ya *elata* husimama wima, hukauka na kupasuka. Ya hizo nyingine mbili yana nyama na hayapasuki.

Spishi hizi huweza kuchanganya mbegu baina yao na kutoa machotara. Mmea wenye dalili mchanganyiko uandike "Yucca" tu, pamoja na mwinuko na picha ya ukingo wa jani kando ya rula. Usiung'oe: sheria ya Arizona inalinda mimea asilia, yuka zikiwemo.