Unaanza kusoma historia ya manowari? Mizinga iache kwanza

Wakuu mnaoanza kusoma historia ya manowari, najua mnavyoanza maana karibu kila mwanafunzi anayekuja kwangu huanza hivyo hivyo, anachora jedwali, meli hii mizinga mingapi, ya inchi ngapi, chuma cha ubavuni kina unene gani, afu anatoa mshindi. Acheni. Namba hizo zina maana yake ila ndo za kuangalia mwishoni, na zinadanganya vibaya mno.

Chukueni kisa cha hapa hapa kwetu. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, bandari ya Zanzibar. HMS Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mafundi wako kwenye mitambo, yaani hata ikitaka kukimbia haiwezi. Inatokea Königsberg ya Wajerumani. Kwa jedwali lenu ngoma karibu droo: Pegasus ina mizinga 8 ya inchi 4, sawa na milimita 102 hivi, na Königsberg ina 10 ya milimita 105. Tofauti milimita tatu! Hata urefu wa mtutu ni ule ule, yote mara 40 ya upana wa tundu lake. Lakini Königsberg ikapiga kutoka mbali, na makombora ya Pegasus yakawa yanadondoka majini kabla ya kufika. Sasa hapo ndo mjiulize kwa nini. Kombora la Mwingereza lilikuwa kilo 11 na kitu, la Mjerumani kilo 16 kwenda 17, na mzinga wa Mjerumani uliweza kuinua mdomo hadi digrii 30 ukatupa zaidi ya kilomita 12. Hayo kwenye jedwali la inchi hayaonekani kabisa. Waingereza 38 walikufa, na makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako kisiwani Chapwani mpaka leo.

Angalieni na miaka. Pegasus ilishushwa majini 1897, Königsberg 1905, na kipindi kile miaka 8 ilikuwa mingi sana, mambo yalikuwa yanabadilika kila siku. (Ukikuta kitabu kimoja kinasema Königsberg ni ya 1905 na kingine 1907 usihangaike, 1905 ni kushushwa majini, 1907 ni kuanza kazi jeshini. Andika yote mawili kwenye daftari, utanishukuru.)

Afu uliza makaa ya mawe. Hili vijana hawalipendi kwa sababu halina mshindo, lakini meli ya mvuke bila makaa haiendi popote. Waingereza walilijua hilo, wakanunua makaa bandari ya Beira, Msumbiji, ili Mjerumani asipate. Königsberg ilipoteka meli ya mizigo City of Winchester mwezi Agosti 1914 kitu cha maana ilichochukua ni makaa. Na baada ya Zanzibar mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikaingia kujificha delta ya Rufiji, vipande vilivyoharibika vikasafirishwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa. Kwa hiyo ile manowari iliyoitwa tishio la Bahari ya Hindi ilikaa kwenye mikoko inasubiri mafundi. Mtu anayesoma mizinga tu hii sehemu anairuka, na ndo sehemu inayoeleza kila kitu kilichofuata.

Kinachofuata ni kina cha maji. Waingereza waliiona Königsberg mle deltani mwisho wa Oktoba 1914, wakajaribu kila kitu, mpaka wakaleta Goliath, manowari kubwa yenye mizinga ya inchi 12. Inchi 12! Haikufaa kitu, maana maji ya pale ni madogo na Goliath haikuweza kusogea karibu vya kutosha kuifikia. Meli hiyo hiyo Mei 1915 ilizamishwa usiku kule Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki, kwa topido za meli ndogo ya Waturuki, Muavenet, watu zaidi ya 500 wakaenda nayo. Mimi Goliath huwa nawapa wanafunzi kama dawa ya ugonjwa wa inchi.

Kilichoimaliza Königsberg ni vimeli viwili vya ajabu ajabu, Severn na Mersey, vilivyoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, vya kwenda mtoni. Bapa chini, vinaingia majini chini ya mita mbili, kwenye bahari kuu ni balaa ndo maana vilivutwa kwa kamba kutoka Malta mpaka kisiwa cha Mafia, na vikajazwa madebe matupu ya mafuta ya taa ili vikitobolewa visizame haraka. Kila kimoja mizinga miwili mikubwa ya inchi 6, basi.

Siku ya kwanza, 6 Julai 1915, walishindwa, na hapa someni taratibu. Huku mtoni meli hazionani, kuna mikoko katikati, kwa hiyo ndege ilikuwa juu inaangalia kombora limeangukia wapi na kutuma habari kwa redio, ila Severn na Mersey zilikuwa zinapiga pamoja na rubani hajui lipi ni la nani. Wajerumani nao walikuwa na watu wao juu ya mti wanawaelekeza. Siku ya pili, 11 Julai, Waingereza wakabadilisha kitu kimoja tu, meli moja ipige nyingine inyamaze. Ndege ikapigwa ikaanza kushuka, na Arnold, aliyekuwa ndani ya ndege na rubani akituma habari kwa redio, akaendelea kutuma masahihisho huku wanaanguka, wakadondoka mtoni karibu na Mersey wakaokolewa. Königsberg ikaungua, na mabaharia wake wakailipua wenyewe. Mizinga ni ile ile ya siku ya kwanza jamani, kilichobadilika ni nani anaona na anaripoti kwa nani.

Na msifunge daftari meli ikizama. Mizinga yote 10 ya Königsberg ilitolewa majini ikawekewa magurudumu kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ya Pegasus nayo Waingereza waliitoa wakaipeleka vitani bara. Mmoja wa Königsberg ulifungwa kwenye Goetzen, meli ya Wajerumani Ziwa Tanganyika, ambayo ndo MV Liemba ya leo. Mwingine uko nje ya Fort Jesus, Mombasa. Kwa anayetafuta mada ya utafiti wa chuo nafasi ipo hapo, lakini kumbukumbu za wanamaji hazitakutosha, itabidi upekue za jeshi la nchi kavu na za reli, na habari za wapagazi waliovuta hayo machuma porini.