Muulize Fundi: Pikipiki isiyo na kiki

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Masasi. Baada ya kulipwa pesa za mnada nilinunua pikipiki ya kizamani iliyokuwa kwenye banda la mwalimu mstaafu, imefunikwa magunia. Tanki ni jekundu, nembo imefutika. Ina eksozi mbili lakini kabureta moja. Haina kiki, aliyeniuzia alisema iliibwa zamani, kwa hiyo nawasha kwa kusukuma kwenye mteremko. Ikiwaka, eksozi ya kulia inaunguza, ya kushoto ni vuguvugu tu na inatoa moshi mzito wa bluu. Oili niliweka lita moja, wiki tatu hazijaisha imeshuka. Fundi wa hapa anasema injini imekufa, nifunge ya Kichina. Hii ni pikipiki gani, na nifanyeje?*
*Kijana wa Masasi*

Marahaba, mwanangu. Huyo fundi mwambie aweke spana chini kwanza.

Sasa nenda ulipoiegesha. Iweke gia huru. Upande wa kushoto kuna pedali ya gia. Isukume kwa kiganja kuelekea injini. Nasema ndani, si chini. Ikizama kidogo, izungushe kwenda nyuma mpaka isimame wima. Umeona? Hiyo ndiyo kiki. Hakuna mwizi aliyeigusa, ni wewe umekuwa ukiikanyaga kila siku kubadilishia gia. Ukishawasha, irudishe mbele, itachomoka yenyewe na kuwa pedali ya gia tena. Ikigoma kuzama usiipige nyundo. Ipake dizeli pale inapoingilia kwenye injini, ilale hivyo usiku mmoja, kesho ujaribu tena.

Usione haya. Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa kushika tochi kwenye gereji moja pale Ligula. Nikatumwa Mikindani kuchukua pikipiki ya bwana mmoja, nami nikaitafuta kiki kila upande nisiione. Nikaisukuma mpaka Mtwara mjini, kilomita kama kumi, jua la saa saba. Mwenye mali alipofika gereji akapanda, akabonyeza pedali ndani, akaizungusha, akapiga mara moja tu. Ikawaka. Akaniangalia miguu ilivyojaa vumbi, akauliza, "Ulikuja nayo vipi?" Sikumjibu mpaka leo.

Pikipiki ile ilikuwa Jawa 350, na kwa maelezo yako naamini na hii ni Jawa. Ni kazi ya Chekoslovakia, nchi ambayo siku hizi ni mbili, Jamhuri ya Cheki na Slovakia. Kampuni ilianza mwaka 1929. Mwenyewe alikuwa František Janeček, akanunua leseni ya kuunda pikipiki za Wanderer za Ujerumani, kisha akachukua herufi mbili za mwanzo za jina lake na mbili za lile la Wajerumani: Ja-Wa. Ukitaka uhakika, sugua kutu kwenye shingo ya usukani utafute namba ya chesisi. Ikianza na 634, ni ya miaka ya sabini au mwanzoni mwa themanini na umeme wake ni volti 6. Ikianza na 638, ni iliyofuata, volti 12. Nimewahi kuletewa 634 iliyofungwa betri ya volti 12 ya bodaboda. Mwenyewe alifurahia taa kuwaka kama mchana, furaha ya dakika tatu. Basi angalia maandishi kwenye balbu kabla hujanunua betri. Na betri ununue, kwa sababu umeme wa plagi kwenye Jawa unatoka huko. Ikiwa chovu utapiga kiki mpaka goti lilie.

Kuna jambo kwenye barua yako limenikosesha usingizi. Umesema umeweka oili lita moja. Umeiweka kwenye gia boksi, sawa, ndipo pake na ndicho kipimo chake. Je, kwenye petroli umechanganya oili? Hukusema. Mwanangu, hii si kama bodaboda. Injini yake haina pampu ya oili. Pistoni, ringi na beringi za krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) zinalainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, basi. Ukitia petroli tupu zinasagana chuma kwa chuma.

Ndiyo maana nyote wawili, wewe na fundi wako, mnaisikitikia silinda ya kushoto, na mimi naiogopea ya kulia. Ya kushoto inakunywa oili kutoka mahali, nitakueleza ni wapi. Ya kulia inayowaka vizuri, ile inayounguza mkono, kama petroli yako ni tupu basi inakimbia kavu. Siku utakapoipandisha mlima na gunia mbili nyuma, itakamata na gurudumu litagoma kuzunguka. Usiiwashe tena kabla hujaweka mchanganyiko. Mimi natumia oili moja kwa petroli 33. Kwa dumu la lita 5 ni mililita 150, yaani chupa ya soda ya mililita 350 isiyofika nusu. Oili iwe ile iliyoandikwa ya injini za kuchanganya, wenye misumeno ya mbao wanaijua. Tikisa dumu kwanza, ndipo umimine kwenye tanki.

Turudi kushoto. Chomoa plagi zote mbili uzilaze juu ya gazeti. Ya kushoto nadhani utaikuta nyeusi, inateleza kwa oili. Kabla ya kuhukumu, zisafishe na uzibadilishane upande, kisha uwashe. Ubaridi ukihamia kulia, plagi ndiyo mbovu, umepona kwa bei ndogo. Ukibaki kushoto, fungua kifuniko cha kulia cha injini. Mle kuna pointi, vile visahani vya chuma vinavyofunguka na kufunga kuipa plagi umeme, jozi mbili, kila silinda na yake, na kila moja na kondensa yake na koili yake. Hizo za kushoto zikiwa na kutu au zimeshikana, ndugu yake wa kulia hana habari, ataendelea kufanya kazi. Zipitishe msasa laini, zifute, ziache mwanya wa kama milimita 0.4 zinapofunguka kabisa. Huna geji? Kunja karatasi za daftari nne au tano pamoja, zipite kwa kubana kidogo.

Lakini moshi wa bluu na oili kushuka vinaniambia kitu kingine. Chomoa kifuniko cha kujazia oili ya gia boksi, unuse. Ikinuka petroli, sili ya krenki upande wa kushoto imekufa. Sili ni mpira, na mpira ukikaa miaka kwenye banda bila kazi unakauka kama ganda la korosho. Injini ikivuta pumzi inafyonza oili ya gia boksi na kuiunguza, ikisukuma inapeleka petroli kule. Huo ndio moshi wako, ndiyo lita yako inayopungua, na ndiyo plagi inayolowa mpaka inashindwa kuchoma.

Dawa yake haihitaji kupasua injini nzima. Mwaga oili, fungua kifuniko cha kushoto, toa klachi na mnyororo wake, kisha gia ndogo iliyo kwenye ncha ya krenki. Hiyo gia imebana sana. Ivutwe kwa pula, kile kifaa cha kung'olea gia na beringi. Mtu akija na nyundo na tindo mfukuze, kwa sababu krenki ya Jawa imeunganishwa kwa kushindiliwa na ukiipiga itapinda. Sili iko nyuma yake. Isome namba usoni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Nenda na namba hizo kwenye duka la beringi, wala usitaje Jawa, watakwambia haipo. Taja vipimo tu.

Kuhusu makaratasi: kabla hujatoa senti ya spea, linganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, na mwalimu aandike hati ya mauziano ili uhamishe umiliki TRA. Kadi ikiwa imepotea, kazi hiyo ianze naye yeye akiwa hai na mwenye kumbukumbu.

Na bei uliyolipa sijaiuliza. Ila ikiwa ulipewa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya "kiki iliyoibwa", safari hii kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kumpunja mkulima, umeipiga wewe. Mpelekee mwalimu kilo ya sukari, umpigie kiki mbele yake.

*Fundi, nimeuziwa Honda CG125 "orijino ya 1978" hapa Lindi mjini. Kwenye injini pameandikwa 156FMI. Nimepigwa?*

Umepigwa. CG125 ilianza kutoka mwaka 1976, na injini za Honda za aina hiyo namba yake huanza na CG125E. Hiyo 156FMI ni namba ya Kichina: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita. Ni injini nzuri tu, inabeba mkaa kila siku kuja Lindi, na spea zake zipo kila duka, lakini haikuzaliwa 1978. Huenda chesisi ni ya Honda kweli na injini ndiyo ngeni. Angalia namba ya shingoni kabla hujaenda kugombana na aliyekuuzia, ujue unadai nusu au unadai zote.