Unakwenda kulala kwenye jumba la kale Ufaransa? Nenda kama mgeni

Wengi wakisikia kasri la Ufaransa huwaza Chambord au Chenonceau: unalipa kiingilio, unapiga picha, unaondoka. Kulala ni habari nyingine. Bonde la Loire, hasa pande za Touraine, lina majumba ya zamani yenye mashamba na mizabibu ambamo wenyewe bado wanaishi, nao hukodisha vyumba vichache. Huitwa chambre d'hôtes. Sheria haiwaruhusu kuzidisha vyumba 5 wala wageni 15, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei.

Maana yake, pale ni nyumbani kwa watu. Usitegemee kukuta mtu wa mapokezi usiku wa manane. Ukisema utafika saa kumi na moja jioni, mama mwenye nyumba ameacha shughuli zake anakusubiri, kwa hiyo ukichelewa mpigie simu. Na popote uingiapo, hata duka la mkate, anza na "bonjour" kabla hujauliza kitu. Sisi tuliolelewa na shikamoo hilo halitushindi.

Wengi wa wenye nyumba hawa hukodisha kwa sababu ya paa. Mapaa ya huko ni ya vigae vya mawe, na kuyakarabati ni gharama kubwa. Jumba likiwa limeorodheshwa na serikali kama jengo la kihistoria, mwenyewe habadilishi hata dirisha bila kibali. Basi usishangae kukosa lifti. Nilipokwenda na mama, ngazi zilikuwa za kuzunguka ndani ya mnara, vipago vimelika katikati kwa miguu ya karne nyingi, na cha kushikilia ni kamba nene iliyopitishwa kwenye pete za ukutani. Mama alipanda huku akisoma dua. Kama una mzee, omba chumba cha chini tangu siku ya kuweka nafasi.

Suala la chakula lizungumze mapema. Nyumba nyingi hutoa chakula cha jioni, wageni na wenyeji meza moja, na hakuna menyu ya kuchagua: kilichopikwa ndicho mtakachokula. Ukiwa Mwislamu, usiishie kusema huli nguruwe. Taja na mafuta yake, vile vipande vidogo wanavyotia kwenye saladi, na mvinyo kwenye mchuzi. Touraine ndiko kwenye rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa mpaka ikachambuka, na huletwa mezani kwa nia njema kabisa. Ukiwaambia siku mbili tatu kabla, watakupikia samaki bila kinyongo. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure usiikose: ni ndefu, imepakwa majivu, na katikati imepitishwa bua la nafaka. Vuta bua kwanza, halafu ndipo ukate.

Usiku usiokula nyumbani, panga vizuri. Mikahawa ya vijijini hufunga jiko la mchana saa nane, na Jumapili jioni na Jumatatu unaweza kuzunguka mji mzima usipate hata mkate.

Beba sweta, hata mwezi wa tano. Kuta za jiwe jeupe la tuffeau ni nene, chumba hubaki baridi jua likiwaka nje, na intaneti nayo hugota humo humo.

Kuhusu usafiri, treni ya kasi kutoka Paris hadi Saint-Pierre-des-Corps, kituo cha jirani na mji wa Tours, ni saa moja na kidogo. Baada ya hapo, bila gari umekwama. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, tena unaendesha kulia, na pasipo alama yoyote njia panda, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitokea kichochoroni. Chukua leseni ya kimataifa kabla hujaondoka nyumbani.

Siku ya kulipa, kuwa na fedha taslimu, kwani si kila nyumba ina mashine ya kadi. Utaongezewa kodi ndogo ya kulala, kwa kila mtu kwa kila usiku. Watoto chini ya miaka 18 hawatozwi.