Kisu cha Kukunja: Jaribu Kufuli Kabla ya Kulipa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima migomba na parachichi karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, na kila siku ninahitaji kisu cha mfukoni cha kukatia kamba, kufungulia mifuko ya mbolea na kumenyea chungwa. Nilichonunua mnadani kilikuwa kinang'aa sana, lakini wiki ya tatu kilijikunja nilipokuwa nikitoboa dumu, kikanikata kidole. Sasa nina shilingi 20,000. Nitazame nini, na je, ni lazima kiwe cha chuma cha pua?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Pole sana kwa kidole. Inaelekea kisu chako hakikuwa na kufuli bali springi peke yake, ambayo hutosha unapokata kwa kukandamiza makali, kwa kuwa nguvu ya mkono huzidi kuufungua ubapa, lakini haitoshi unapotoboa, kwa maana ncha ikikwama ubapa husukumwa kurudi kwenye mpini, na vidole vyako viko njiani.

Kwa hiyo fedha yako inunue kufuli kwanza. Ukiwa dukani, ufungue ubapa, uondoe vidole kwenye njia yake, kisha ubonyeze mgongo wake juu ya meza ya mbao. Ukilegea, mrudishie muuzaji bila kuona haya. Utikise pia kushoto na kulia, kwa sababu ubapa unaocheza ukiwa mpya hautaacha kucheza ukizeeka, isipokuwa umefungwa kwa skrubu unayoweza kuikaza, jambo ambalo ribiti haikuruhusu. Urefu wa sentimita 7 hadi 9 unatosha. Meno ya msumeno yaache, kwani hayanoleki kwenye jiwe bapa.

Miundo miwili ya zamani inafaa kuigwa kama kipimo. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, ilipata mwaka 1955 pete ya chuma inayozungushwa ili kuzuia ubapa usijifunge. Ni kufuli rahisi mno, ingawa mpini wake wa mti huvimba ukilowa na kuukaba ubapa, na Rungwe mvua si mgeni. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, ambayo nchi yetu ilikuwa mojawapo, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Kufuli ya Okapi huachiliwa, ili ubapa ukunjike, kwa kuvuta pete iliyo mgongoni. Angalia tu usiuziwe jina lililochapwa kwenye kisu cha kuigiza.

Kuhusu chuma, chuma cha pua huchelewa kushika kutu, wala si kwamba hakishiki kabisa. Chuma cha kaboni hunoleka upesi kwenye jiwe la kawaida, lakini utomvu wa mgomba na maji ya chungwa hukifanya cheusi, nacho kikiachwa na unyevu usiku mmoja huamka na kutu. Weusi huo hauna madhara. Wekundu ndio wa kuondoa. Kama ungekuwa Ismani, kule kukavu kwa Iringa, ningekushauri kaboni bila kusita. Kwa Tukuyu, chukua chuma cha pua, ukifute kila jioni na kudondoshea bawaba tone la mafuta ya cherehani. Miche ya parachichi ibebeshe, yaani uipandikizie vikonyo, kwa kisu kingine, kisafi, kisichofungua mifuko ya mbolea.

SWALI: Je, fundi wa kuchomelea anaweza kuninolea kisu kwa grenda?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Anaweza, na pengine atakiharibu. Makali membamba hupata moto haraka kwenye grenda, na yakishageuka rangi ya buluu yamepoteza ugumu wake, hivyo yatakuwa butu kila baada ya siku mbili. Tumia jiwe lenye maji, kwa pembe ndogo isiyobadilika, na umalizie kwa kuyapitisha kinyume, mgongo wa kisu ukitangulia, kwenye mkanda wa ngozi.