Muulize Fundi: Jioni ya gala melini, mzee avae kanzu yake

SWALI: Mwanangu fundi, hujambo? Binti yetu anayefanya kazi Uingereza ametukatia tiketi mimi na baba yake tusafiri naye kwa meli ya Queen Mary 2, kutoka Southampton hadi New York, siku saba baharini. Makaratasi aliyotutumia yanasema jioni mbili ni za gala: moja ya nyeusi na nyeupe, nyingine ya nyekundu na dhahabu, na wanaume wavae suti rasmi na tai ya kipepeo. Baba yao tangu astaafu bandarini ni mtu wa kanzu na kofia. Anasema afadhali abaki chumbani. Binti anataka kumkodia suti. Mimi mwenyewe najistiri, na sijui nishone nini. Tusaidie. — Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie mzee asibaki chumbani, na mwambie binti hiyo pesa ya kukodi suti aiweke. Cunard, ambao ndio wenye meli hiyo, wanasema wazi katika kanuni zao za mavazi kwamba jioni za gala mwanamume anaweza kuvaa suti rasmi ya jioni, au suti ya rangi ya giza na tai, na kwamba vazi rasmi la kitaifa linakaribishwa vilevile, pamoja na sare za kijeshi. Kanzu inaingia hapo kwa haki yake kamili.

Kabla sijakaa kwenye cherehani hapa Mji wa Kale, Mombasa, nilikuwa mhudumu wa mezani katika meli za watalii. Jioni za gala nimewavutia viti Waskoti na sketi zao za mirabaraba, akina mama wa Kihindi na sari zao, na wazee wa Kinijeria waliovaa agbada pana mpaka inafunika kiti kizima. Hakuna hata mmoja aliyezuiwa mlangoni. Niliowaona wakirudishwa ni waliokuja na jinzi na raba.

Ila kanzu ya gala si ile ya kwendea sokoni. Mshonee mpya, nyeupe, ya kitambaa kizito kidogo kisichoonyesha ndani, kwa sababu taa za ukumbi ni kali na kitambaa chepesi huanika kila kitu. Ndani avae fulana nyeupe na suruali nyepesi nyeupe. Shingoni na kifuani itiwe tarizi ya uzi mweupe au wa maziwa. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu, maana mtaingia ukumbi wa chakula wa Britannia wenye ngazi pana, na mzee akiwa anapanda huku meli inayumba, pindo refu litamwangusha. Juu ya kanzu avae koti jeusi lililokaa vizuri mabegani. Hapo ameshatimiza jioni ya nyeusi na nyeupe bila kununua hata kifungo cha ziada. Hilo ndilo vazi la mabwana wa pwani miaka yote, na ukilitazama linafuata rangi zilezile walizoandika kwenye karatasi yao.

Kama mna joho la arusi kabatini, lile la nyuzi za dhahabu, lipelekeni kwa jioni ya pili. Joho jeusi lenye dhahabu juu ya kanzu linatosha kabisa. Nyekundu si lazima. Rangi za jioni ni za kunogesha. Wanachoangalia mlangoni ni kama mtu amevaa rasmi.

Kofia iwe ya mkono, ile ya vito, iliyofuliwa na kukazwa kwenye kibao mpaka ikasimama wima. Asiivue mezani, ni sehemu ya vazi. Makubadhi ayaache kwa mchana. Jioni avae viatu vyeusi vya ngozi vilivyofunika, na soli isiyoteleza.

Sasa wewe, mama. Shona gauni moja tu, na uchukue mitandio miwili.

Gauni liwe jeusi, refu, la krepu nzito. Krepu haikunjiki ovyo sandukuni, inaanguka vizuri mwilini bila kubana, na haipigi kelele unapotembea. Satini usiitake: tone moja la maji linaacha doa ambalo kila mpiga picha ataliona. Jioni ya kwanza jitande mtandio mweupe wenye ukingo wa lesi. Jioni ya pili jitande mwekundu wenye nyuzi za dhahabu, uongeze bangili na hereni zako. Watu watadhani ni nguo mbili. Maduka ya vitambaa ya Ngamiani hayakosi krepu. Chukua ile ambayo ukiifinya kiganjani na kuiachia inarudi yenyewe.

Mwambie fundi wako akazanie mikono. Hili nalisema kwa aliyesimama nyuma ya viti vya watu: mgeni wa gala anaonekana kuanzia meza kwenda juu. Saa mbili nzima wenzako watatazama mtandio wako, shingo ya gauni na mikono yako, na sketi hawataiona mpaka uinuke. Kwa hiyo tarizi na shanga ziwekwe kifuani na kwenye vifundo vya mikono, sio chini. Na mikono isiwe mipana. Nimewafuta akina mama wengi mchuzi kwenye mikono ya gauni iliyokuwa inapita juu ya sahani kila wanapofuata mkate. Ibane kwenye kifundo, kwa kifungo au zipu ndogo.

Siku ya kupima, usisimame tu mbele ya kioo. Kaa. Vuta kiti mbele mara mbili. Nyoosha mkono kama unayepokea chumvi ng'ambo ya meza. Panda ngazi za nyumbani ukiwa na viatu utakavyovaa. Gauni likikwama popote, fundi alilegeze hapo hapo. Mkia wa nyuma usiwekwe kabisa: mhudumu anakusogezea kiti, mguu wa kiti unakanyaga mkia, na ukija kuinuka unasikia mshono unaachia.

Kisigino kiwe kifupi na kinene. Atlantiki ya Kaskazini si bahari ya kwetu ya kaskazi tulivu, na zulia la meli halisaidii wakati sakafu inainama. Chukua pia shali nzito ya sufi, kwa sababu ukumbi wa chakula una kiyoyozi na mkitoka kupunga upepo nje ni baridi ya kweli. Dera na leso zako zichukue, ila ni za chumbani. Mchana buibui au gauni la kawaida linatosha kila mahali.

Mezani, mzee akiwa na kanzu nyeupe, muombe mhudumu kitambaa cha pili: kimoja mapajani, kimoja kifuani. Hakuna aibu, tulikuwa tunaombwa kila siku na wenye mashati meupe. Na kwa kuwa nimegusia chakula, binti aiandikie kampuni mapema kuhusu chakula mnachokula na msichokula. Ombi la wiki kadhaa kabla linafika jikoni. La usiku uleule linamsumbua kila mtu.

Pasi yenu iacheni nyumbani. Meli haziruhusu pasi wala kifaa cha mvuke chumbani, wanaogopa moto, na wakiikuta kwenye mzigo wanaizuia mpaka mwisho wa safari. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vya abiria, vyenye pasi na meza zake. Nenda asubuhi, maana alasiri ya siku ya gala foleni inafika nje. Mkiingia tu chumbani, tundika kanzu na gauni bafuni wakati mnaoga maji ya moto. Mikunjo mingi inajiachia yenyewe.

Masanduku makubwa yanachukuliwa bandarini na kuletwa chumbani baadaye, wakati mwingine jioni imeshaingia. Nguo za usiku wa kwanza, dawa za mzee na kofia yake mzibebe mkononi. Kofia ikilaliwa na sanduku haiinuki tena.

Kanuni ya mavazi inaanza saa 12 jioni. Hata jioni zisizo za gala, mwanamume hutakiwa awe na koti, tai akipenda, na koti lake juu ya kanzu linatosha. Mzee akichoka, Kings Court ni mahali pa kujipakulia ambapo hawadai mavazi ya gala, na chakula cha kuagiza chumbani kipo. Ila jioni ya kwanza ya gala usimruhusu akimbilie huko. Mkalishe Britannia, mle chakula, kisha mpite ukumbi wa Queens Room mtazame watu wakicheza dansa. Wapiga picha wanakuwa wamejipanga njiani. Piga picha naye akiwa na koti na kofia yake, mama, hata kama bei yake itakukera.

SWALI: Dada, tunakwenda Karibea kwa meli ya kampuni ya Carnival kutoka Miami, siku saba. Mume wangu anataka kununua tuksedo, ile suti rasmi ya tai ya kipepeo. Inafaa? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: Asinunue. Carnival wamelegeza kuliko Cunard. Jioni zao za kuvaa vizuri mwanamume anatosheka na suruali ya kitambaa na shati la kola. Akiongeza koti na tai amewapita wengi. Wanachokataa ni kaptura, fulana za mikono mifupi za kawaida, kandambili na kofia za michezo. Kama ana suti ya bluu ya giza aliyoolea, ipelekwe kwa fundi ilegezwe kiunoni na ifupishwe suruali. Wewe vaa gauni la kitenge lenye kiuno kilichoshonwa vizuri, na uchukue sweta. Ukumbi wa chakula ni baridi hata huko kwenye joto.