Hospitali inafunga, mganga anafunga: tofauti iko wapi?

Swali: Assalamu alaykum, Sista. Kaka yangu ana miaka 24. Alikesha wiki nzima akigombana na watu asiowaona, tukamvusha kutoka Lamu hadi hospitalini akiwa amefungwa kamba. Wodini nako wakamfunga mikono kwa vitambaa na kumchoma sindano. Kesho yake shingo ikampinda, macho yakaangalia juu. Mama anasema jini limekasirishwa na sindano, bora tumtoe tumpeleke kwa mganga mmoja huko bara ambaye huwafunga wagonjwa mnyororo hadi watulie. Kama wote wanafunga, tofauti ni ipi? *Msomaji, Langoni, Lamu.*

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Shingo kwanza, maana hiyo haingoji. Hilo si jini, ni dawa. Haloperidoli, sindano tunayoitumia sana, inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho katika siku za mwanzo, na hali hiyo huwapata zaidi vijana wa kiume. Mwambie muuguzi sasa hivi. Ipo sindano ya kuizimua, na mara nyingi shingo hurudi kabla ya nusu saa. Akishindwa kumeza au kuvuta pumzi, piga kelele wodi nzima isikie.

Sasa la kufunga. Karibu kila wiki jamaa za wagonjwa husimama mlangoni mwa wodi yetu hapa Malindi wakaniambia, "Sista, mfungeni, akitulia tutamchukua." Maneno hayo hunichoma. Kufunga hakutibu chochote. Mtu aliyefungwa anaendelea kusikia zile sauti na kuogopa vilevile, ila sasa hawezi kukimbia. Hata sindano ya kumtuliza hutupa saa chache tu za kuanza kazi. Aliyelala hajapona.

Umoja wa Mataifa uliliandika jambo hili mwaka 1991, na si gumu kulielewa: mgonjwa hafungwi isipokuwa hakuna njia nyingine ya kuzuia asijidhuru au kumdhuru mtu papo hapo, hafungwi zaidi ya muda unaohitajika, sababu inaandikwa katika faili, mhudumu aliyesomea kazi hiyo yuko karibu akimwangalia, na mwakilishi wake, kama yupo, anaarifiwa bila kuchelewa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inakataza kumtendea mtu yeyote kikatili au kumdhalilisha, na mgonjwa wa akili ni mtu.

Kwa hiyo nenda ukaulize. Alifungwa saa ngapi, akafunguliwa saa ngapi? Kabla ya hapo, kuna aliyekaa naye akazungumza kwa sauti ya chini, akampa maji, akamwomba ameze kidonge kwa hiari? Nani alipima mapigo yake na kuangalia kama vidole vimepoa? Alipelekwa choo? Wakikujibu kwamba usiku muuguzi alikuwa mmoja, naelewa, nami nimekesha peke yangu na wodi nzima. Lakini uchache wetu si ugonjwa wake. Hospitali ikimfunga mtu ili ipumzike, au kumwadhibu kwa sababu ametukana, basi haina tofauti na huyo mganga, na mna haki ya kulalamika kwa msimamizi.

Mganga wa mnyororo hana saa wala faili. Kipimo chake ni kimya, na kimya hukipata kwa njaa na uchovu. Nimepokea vijana waliotoka huko na vidonda vya kifundo vilivyofika mfupani. Wengine walifukizwa pilipili. Sina ugomvi na kisomo: msomeeni, mpeni kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, akiweza kunywa, na vidonge vyake aendelee kuvimeza. Ninachokataa ni chuma mguuni.

Na nyinyi nyumbani pia. Hiyo kamba ya kutoka Lamu, kwenye boti hadi gati ya Mokowe, kisha saa zote zile za basi, ilikaa mkononi muda gani? Kamba ikibana, mshipa wa fahamu huumia, kiganja kikaning'inia miezi kadhaa baada ya akili kutulia. Watu wanne wakimlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni, pumzi inaweza kukatika wakidhani ametulia. Tawanyeni umati kwanza. Azungumze mtu mmoja tu, yule anayempenda.

Linalonitisha zaidi ni wale wanaofungwa na hata ugonjwa wa akili hawana. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anaweweseka na mwili unachemka, huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mwenye kisukari huenda sukari imeshuka. Mlevi wa miaka mingi aliyekatizwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, akaona wadudu ukutani, akafa akiwa amefungiwa chumbani. Hawa hupotezewa siku nzima kwenye mnyororo huku tiba yao ipo, na ni ya saa si ya siku. Vilevile zile nyumba zinazojiita rihabu, yaani za kuachisha dawa za kulevya, zinazomteka kijana wa unga usiku na kumfungia na arosto yake, yale maumivu ya kukosa unga, bila daktari: msizilipe hata shilingi.

Kaka yako asitolewe kabla hajaanza kulala usiku bila sindano ya dharura. Wakimwandikia sindano ya kila mwezi, ulizeni hospitali ya King Fahd huko Lamu kama dawa hiyo ipo kabla hamjapanda basi la kurudi, na kama haipo, ombeni aandikiwe vidonge vitakavyomfikisha tarehe ya kliniki.